Siku Tuliyoshushwa Daraja

Mkwe wangu alipoambiwa kwamba mwanawe amewekwa daraja la kwanza, alivua kofia, akaikunja mara mbili, akamshukuru daktari kwa Kiswahili chake chote. Kisha akatoka nje ya wodi, akasimama mbali kidogo na mkeka wangu, uso wake ameuelekeza ukutani.

"Mabukwe," akasema, "Imana ishimwe. Wametupa la kwanza. Sisi hawa hawa."

Nikajibu, "Na ashukuriwe Mungu," nikaendelea kukunja nepi. Lakini nilikuwa nimemwona nesi Mwajabu kupitia dirishani wakati anaandika namba moja kwa chaki kwenye kibao cha kitandani, na nilikuwa nimeuona uso wake. Mtu haandiki habari njema kwa uso ule.

Jina la mkwe wangu ni Harerimana. Naliandika hapa kwa kuwa karatasi haina aibu. Kwa mdomo silitaji, naye huniita Mabukwe, yaani mama mkwe, wala hakai mkeka mmoja na mimi, wala hatutazamani machoni. Ndivyo tulivyo sisi Waha, na kwao Burundi ni vile vile: mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kupishana. Akiwa na neno refu humwambia mwanangu Immakulata, naye huniletea, na langu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ni desturi nzuri, nimeishi nayo vizuri, ila mwaka ule wa sabini na sita ilitaka kutuulia mtoto.

Mimi kwetu ni Murungu, Kibondo. Mume wangu Tharsisi alikuwa mhunzi. Mungu alimchukua mwaka sabini na moja, akaniachia Immakulata peke yake. Binti alipoolewa Kitanga, upande wa Kasulu, na akakaribia kujifungua, nilifunga mlango wangu nikaenda kumhudumia. Akazaliwa Felisiani, mtoto mkubwa, mzuri. Siku ya tisa nikaona ananyonya mara tatu anaachia. Anahema. Jasho linamtoka kwenye paji la uso kama mtu anayelima, na mishipa ya kichwa imetokeza, imetambaa chini ya ngozi kama mizizi ya mti. Majirani wakasema ni utosi, apakwe dawa. Mimi niliweka kiganja juu ya utosi ule nikasikia kitu kinatetema ndani. Nikamwambia Immakulata amwambie mumewe kwamba mtoto huyu si wa kupaka dawa, ni wa hospitali.

Harerimana hakubisha. Siwezi kumsingizia. Alimpandisha mkewe nyuma ya baiskeli, mimi nikatembea nyuma yao mpaka barabara kubwa, na Landrova ya misheni ikatuchukua hadi hospitali yao.

Daktari aliitwa Stanislaus, mtu wa upande wa Bukoba, mwembamba, msemaji wa polepole. Alimpima Felisiani kitu kimoja kimoja. Alisikiliza moyo, akahesabu pumzi, akabonyeza tumbo upande wa kulia kutafuta ini limeshuka kiasi gani, akauliza amekojoa mara ngapi, akauliza kama ameshikwa degedege. Mwisho akaweka mpira wake wa kusikilizia juu ya utosi, akafumba macho. Ndipo akamwambia Harerimana: "Baba, huyu nimemweka daraja la kwanza. Tumwombee."

Harerimana alisikia lile la mbele. Lile la nyuma lilimpita.

Alasiri ile ile akaondoka kurudi Kitanga, mahindi yalikuwa yanataka palizi. Immakulata alinieleza baadaye kwa nini alienda anapiga mluzi. Mwaka sabini na tatu, yeye na wakimbizi wenzake walisafirishwa kwa treni kutoka Kigoma hadi Tabora. Walipandishwa daraja la tatu, wamesimama, mizigo kichwani. Katika kituo kimoja alishuka kutafuta maji, akapita kando ya behewa la daraja la kwanza, akaona kwa dirisha mtu mmoja amelala mchana kwenye kitanda chenye shuka. Hilo ndilo daraja alilolijua. Alikuja kutoka Tabora akamfuata baba yake mdogo Kitanga, akalima, akaoa, na lile dirisha hakulisahau.

"Anasema leo Felisiani amelala pale," Immakulata akaniambia. Alikuwa anacheka. Yeye naye hakujua.

Jioni nilimfuata daktari kwenye baraza. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne.

"Bibi Esteri," akasema, "damu ikitoka kwenye moyo inakwenda kichwani kwa mishipa mikubwa, halafu inagawanyika kwenye vijishipa vyembamba, kama maji ya mfereji yanavyogawanywa shambani. Inapita polepole, inalisha ubongo, ndiyo inarudi. Mjukuu wako ameumbwa bila vile vyembamba mahali pamoja. Mfereji umeingia moja kwa moja kwenye mfereji. Damu inakwenda mbio na kurudi mbio, na moyo unafanya kazi ya mioyo miwili."

"Na madaraja?"

"Ni ya kwangu, ili mimi na manesi tuelewane haraka. La tatu, moyo unaweza kazi yake. Mtoto anakaa nyumbani, tunampima kila mwezi. La pili, moyo unalemewa lakini dawa inaushika. La kwanza, moyo unashindwa, ini limevimba, mkojo haba. Hapo sihesabu wiki, nahesabu siku."

"Kukata?"

"Hapa hapana. Hata Dar es Salaam sijui. Tuna matone ya moyo, asubuhi na jioni, yasikosekane hata mara moja. Tuna dawa ya kukojoa. Na tuna wewe, maana naona unatazama."

Akaniwekea ule mpira masikioni, akanionyesha pa kusikiliza. Nikasikia vuu, vuu, vuu. Niliijua sauti ile. Miaka ishirini nimepika chakula nikisikia mvukuto wa Tharsisi ukipuliza moto nyuma ya nyumba. Sasa upo kichwani mwa mtoto wa siku kumi, na hauna mtu wa kuuambia upumzike.

Nilimweleza Immakulata yote. Alilia, akanyamaza, akaniomba jambo moja: "Mama, yeye asiambiwe kwanza. Mwache afurahi. Tangu nimjue sijamwona anapiga mluzi." Na mimi, nikikumbuka heshima ya mkwe, nikaona nimepata sababu. Nani angemwambia? Si mimi. Nikajificha kwenye desturi kama mtu anavyojificha mvua kwenye nyumba ya jirani.

Kazi yangu ikawa kuhesabu pumzi. Manesi walikuwa wawili kwa wodi nzima na saa ya mkononi alikuwa nayo Mwajabu peke yake, binti wa mwenye duka wa Kasulu mjini, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Siku ya pili alinikuta nasali rozari kitandani, akasimama ananitazama, kisha akatazama saa yake.

"Bibi, sema tena ile."

"Ipi?"

"Salamu Maria. Sema kama ulivyokuwa unasema."

Nikasema. Akanifanya nirudie asubuhi, adhuhuri na jioni, siku mbili. Salamu Maria zangu nne zilikuwa dakika moja, hazizidi wala hazipungui.

"Wallahi," akasema, "fundi saa angekuajiri. Sasa wewe sali, binti yako ahesabu."

Basi ndivyo tulivyofanya. Mimi nasali nne, Immakulata anatazama kifua cha mtoto, kila pumzi anaweka punje ya mahindi kwenye bakuli. Tukimaliza tunahesabu punje. Siku za kwanza zilikuwa themanini na kitu. Mwajabu akizikuta anaziandika, kisha anazirudisha kwenye kitambaa. Maziwa tulikamua tukamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, ili asichoke. Matone sikuyakosa. Nepi nilizipima kwa mkono, na siku nepi ilipokuwa nzito nilimshukuru Mungu kwa mkojo, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalisalia.

Wiki ya pili punje zikawa sitini na tisa. Kisha sitini na moja. Harerimana alikuja kila Jumapili na ndizi na maziwa ya mgando, akasimama mlangoni, akatazama ile moja ya chaki kama mtu anayesoma barua. Aliwaambia wagonjwa wengine: "Sisi tuko la kwanza." Wasioelewa walimpa hongera. Walioelewa walitazama chini. Nyumbani Kitanga alikuwa ametengeneza rubisi, akaita wanaume wa mtaa, wakanywa kwa ajili ya daraja hilo. Nikazisikia habari hizo, nikaendelea kusali zangu nne.

Ijumaa ya wiki ya tatu Daktari Stanislaus alibonyeza tumbo, akabonyeza tena, akasema ini limepanda. Pumzi hamsini na nne. Akamwambia Mwajabu abadilishe kibao. Mwajabu alifuta moja kwa kiganja, akaandika mbili kubwa, akaichorea mkia mrefu kama wa jogoo. Immakulata alinikumbatia mbele za watu.

Siku iliyofuata akaletwa mtoto mwingine, akalazwa kitanda cha pembeni yetu. Mama yake aliitwa Shamsia, mke wa Abdulrahmani mwenye duka la vitambaa Kasulu, mwanamke wa khanga safi na bangili. Moyo wa mtoto wake ulikuwa na tundu. Kibao chao kikaandikwa moja.

Na Jumapili akaja Harerimana, na kuku kwapani.

Alisimama mlangoni kama kawaida yake. Akasoma kibao chetu. Akasoma cha kitanda cha pembeni. Akamtazama Shamsia, bangili na yote.

"Nesi," akasema, "nani kafuta ile moja yetu?"

"Mimi," Mwajabu akajibu, "kwa kiganja changu hiki. Huyo kuku ni wangu?"

"Mtoto kakosa nini?"

"Kakosa? Kanywa vijiko kumi, kakojoa, na mimi kanipiga teke. Kastahili."

"Kastahili kushushwa?"

"Kashuka, alhamdulillahi. Na hivi hivi atashuka tena."

Mwajabu alidhani wanataniana. Harerimana akamweka kuku sakafuni, polepole.

"Nimeelewa," akasema. "Wamekuja wenye duka, nafasi yetu imechukuliwa. Sisi ni watu wa kusimama. Immakulata, mfunge mtoto. Tunakwenda Kibondo. Kule hawatujui, tutaanza upya."

"Baba Felisiani, dawa..." Immakulata akaanza.

"Dawa ya daraja la pili. Mfunge."

Kibondo ni siku mbili kwa gari la kubahatisha. Matone ya jioni yangekosekana, na ya asubuhi, na ya jioni tena. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba mtoto yule asingefika. Immakulata alishika mbeleko, ananitazama mimi. Mwajabu alikuwa ameshatoka mbio kumwita daktari, na daktari Jumapili alikuwa kanisani.

Shamsia ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti.

"Baba," akasema, "kama ni kubadilishana, mimi niko tayari. Chukua hii moja. Nipe mbili yako."

Harerimana akamtazama. Alikuwa amejiandaa kwa tusi la mwenye duka, na hilo halikuwa tusi. Uso wa mwanamke yule ulikuwa umevimba kwa kulia, na alikuwa ananyoosha mkono kweli, kana kwamba kibao kinaweza kuhamishwa na ugonjwa ukahama.

Ndipo nikainuka. Nikamwendea mkwe wangu, nikamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla na sijalirudia, nikamkalisha kwenye benchi la wodi, nikaketi kando yake. Nikamtazama machoni. Alitaka kugeuka, nikasema, "Nitazame, mwanangu. Leo nitazame."

Nikamweleza yote kwa Kiha. Mfereji kuingia kwenye mfereji. Moyo wa mioyo miwili. Madaraja matatu, na kwamba hapa juu ndiko chini. Nikamwambia ile siku alipovua kofia, daktari alikuwa anamwambia mtoto ana siku chache. Nikamwambia nilijua tangu jioni ile, nikanyamaza, na kosa ni langu, si la mkewe.

Kuku akaingia chini ya kitanda cha Shamsia na hakuna aliyemfukuza.

"Nilitengeneza rubisi," akasema.

"Nilisikia."

"Watu kumi na wawili. Tulikunywa, nikasimama nikamshukuru Imana. Nilimshukuru kwa kifo cha mwanangu, Mabukwe."

"Ulimshukuru kwa mtoto," nikasema. "Yeye anajua Kiswahili kuliko sisi. Alisikia ulichotaka kusema."

Sikulitunga neno hilo ili kumtuliza. Ndivyo ninavyoamini hadi leo. Sisi wengine tulisali tukiwa na hofu, tukihesabu punje. Yeye peke yake alishukuru mapema, kwa furaha yote, kama mtu aliyekwisha kupokea. Sijui Mungu anapima vipi, lakini sidhani shukrani ile ilitupwa.

Harerimana akainuka. Akaenda mbele ya Shamsia, akavua kofia.

"Mama, nisamehe. Mimi nilidhani ni treni."

Shamsia hakuelewa treni gani, lakini aliitikia kwa kichwa. Harerimana akamtoa kuku chini ya kitanda, akampa Mwajabu ambaye alikuwa amerudi anahema.

"Kastahili," akamwambia. Mwajabu akampokea kwa mikono miwili.

Mtoto wa Shamsia alikaa na moja yake siku nne. Alipofariki, Harerimana alikuwa bado yupo. Hakurudi Kitanga wiki ile, akasema palizi isubiri. Alisaidia kumbeba hadi kwenye gari la Abdulrahmani, akapanda nyuma, akaenda hadi Kasulu kuzika, akasimama na Waislamu makaburini, mikono ameifungua kama wao. Aliporudi alikaa nje ya wodi, mbali kidogo na mkeka wangu, uso ukutani. Tulikuwa tumerudi kwenye heshima yetu, na wote wawili tuliona ni afadhali.

"Mabukwe," akasema, "leo punje ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Na jana?"

"Hamsini na moja."

Akaziweka moyoni.

Tulikaa wiki tano nyingine. Siku kibao kilipoandikwa tatu, Daktari Stanislaus alitukalisha wote, akatusemesha polepole, na safari hii alimwuliza Harerimana arudie alichosikia. Mshipa bado upo, akasema daktari. Unaweza kulala miaka, unaweza kuamka. Kichwa kipimwe kila mwezi kwa utepe, kikikua haraka mtoto aletwe siku hiyo hiyo. Mpira ukiwekwa utosini mvukuto bado unasikika, ila ni wa mhunzi aliyechoka. Sikuahidiwa zaidi ya hapo na sikuomba zaidi.

Felisiani sasa ana miaka mitatu. Alichelewa kutembea, na jicho moja linatazama pembeni anapochoka. Anakimbiza mbuzi wa baba yake, anaanguka, anainuka. Kila mwezi namsalia zile nne, Immakulata akihesabu, na kila mwezi nasema asante kabla sijaona jibu. Nimejifunza hivyo kwa mtu ambaye jina lake silitaji.

Nitaandika Jumapili yetu ya kwanza baada ya kurudi, halafu niache. Tulikuwa kwenye kigango cha Kitanga, sote, na katekista Venanti aliuliza kama kuna mwenye shukrani. Harerimana akasimama katikati ya wanaume. Wengi wao ni wale waliokunywa rubisi yake.

"Tulikuwa la kwanza," akasema. "Tukashushwa la pili. Jumatano hii tumeshushwa la tatu. Nashukuru sana."

Akaketi.

Watu wakatazamana. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Venanti akasubiri kuona kama kuna maneno mengine, na hayakuwapo. Felisiani akaanza kulia kwa njaa, kilio kirefu, cha kifua chote, na Immakulata hakuharakisha kumnyamazisha. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nikaanzisha wimbo.